Kikoma cha Kung'oa

Kambini, 9 Februari

Mpwa wangu Profesa,

Salamu zangu zipokee zikiwa bado mbichi. Huku tunamwaga zege, na zege likichelewa njiani hufika limeshakuwa jiwe, kwa hiyo najua raha ya kitu kufika mapema. Mimi ni mzima, ukiacha magoti, mgongo, na jino moja la nyuma ambalo nitalieleza hapo chini. Bado tuko wanane chumbani, na bwana wa kitanda cha juu yangu bado anakoroma kama mashine ya kukatia vigae. Msalimie Dada. Mwambie mashuka yake yapo, yamebadilika rangi tu.

Hongera kwa kazi. Mama yako alinipa habari Jumapili kwa simu, kwa vigelegele, mpaka watu wote waliokuwa kwenye foleni nyuma yangu wakajua kwamba mpwa wangu sasa ndiye anayetunza tovuti ya kliniki. Ninakuandikia barua badala ya kukupigia kwa sababu mama yako unamjua: simu haipokei bila kuweka spika, na majirani wote wanachangia. Jambo lenyewe sijui kama ni la kuchangiwa na majirani. Tena simu zetu zinakaa getini wiki nzima tangu mwenzetu mmoja aanguke akiwa anasoma meseji.

Jambo ni hili. Kazi yangu siku hizi ni kung'oa. Zege likikauka tunang'oa mbao zilizolishikilia, halafu tunang'oa misumari kwenye hizo mbao, mmoja mmoja, ili mbao zipande ghorofa ya juu zikatumike tena. Kutwa nzima ni kung'oa. Sasa na jino nalo limetaka. Daktari wa huku nilimwona mara moja, tukaongea kwa mikono kama mabubu, akanipa dawa ya tumbo. Nikasema potelea mbali, nikienda likizo nitaling'olea kwetu. Ndipo nikakumbuka kliniki yako.

Chumba cha mapumziko kina kompyuta moja kuukuu, iko kati ya pipa la maji ya kunywa na meza ya tenisi isiyo na wavu. Siku ya mvua hatupandi juu, basi nikakaa nikaandika anwani aliyonisomea Dada herufi kwa herufi. Ikafunguka! Nimeona jengo, limepakwa rangi vizuri, ila ngazi ya tatu ya mlangoni ni fupi kuliko wenzake, atakuja kujikwaa mtu. Nimependa kila kitu kuwa kwa Kiswahili, hata vitufe. Nikaona kisanduku kimeandikwa "Tafuta". Nikaandika: kung'oa jino. Nikabonyeza.

Mpwa wangu, ukurasa ulipasuka. Jengo likapotea, ngazi zikapotea, yakabaki maandishi ya Kiingereza juu ya weupe kama risiti iliyojaa makosa. Nikajua nimeharibu kazi ya watu. Nikarudi nyuma, nikaandika "jino" peke yake. Ikanijibu kwa adabu kwamba daktari wa meno yupo Jumanne na Ijumaa. Nikaandika "homa", sawa. Nikaandika "kung'oa", ikapasuka. Nikaandika "ng'ombe". Najua hamtibu ng'ombe, nilitaka kuona tu. Ikapasuka. "Ng'ang'ania" ikaikasirisha kwa maneno mengine kabisa. "Ngoma" haikuwa na neno. Basi nikaelewa kwamba ugomvi wake si na jino wala ng'ombe. Ugomvi wake ni na kile kikoma cha juu, ambacho mwalimu wetu alikiita ritifaa, na ambacho alinichapa kwa ajili yake hadi darasa la sita nilipoachia shule.

Nimenakili mstari mmoja nyuma ya karatasi hii. Kiingereza changu unakifahamu. Nimetambua neno moja tu, limekaa katikati: wagonjwa. Kwa nini mashine inayokataa jino langu inanitajia wagonjwa? Nijibu, maana linaniwasha kichwani kuliko hilo jino.

Mjomba wako


28 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kidole cha saruji, nikajua ni yako kabla sijageuza nyuma. Sisi hatujambo. Mama hajambo, anakusalimu. Jirani wa mbele amejifungua pacha na nyumba yetu imekuwa ndiyo stoo ya nepi. Ngazi ya tatu nimeipima kwa mkono: ni kweli, ni fupi. Miaka yote tunaikanyaga hakuna aliyeona.

Mstari ulionakili niliusoma mara nne nimesimama. Nikaketi.

Nitakueleza kama ninavyojieleza mwenyewe. Tovuti yetu inaendeshwa na programu kubwa, na juu yake kuna vipande vidogo vya kuchomeka, tunaviita plagini. Kimoja kinaandikisha wagonjwa, kingine ndicho kile kisanduku cha "Tafuta". Ukiandika neno, kisanduku kinalipeleka ghalani, pale taarifa zote zinapohifadhiwa, kuuliza. Kinafungua kikoma, kinaweka neno lako, kinafunga kikoma. Kilicho kati ya vikoma viwili ni maneno ya mgeni. Kilicho nje ya vikoma ni amri ya mwenye nyumba. Sasa wewe umekuja na kikoma chako mwenyewe ndani ya kung'oa. Mashine ikadhani mgeni amemaliza kusema. "Oa jino" ikabaki nje, ikasomwa kama amri. Yaani mashine iliamriwa ioe jino, Mjomba. Ndiyo maana ilipiga kelele.

Nilicheka peke yangu ofisini, halafu kicheko kikakatika. Kwa sababu mtu mwingine anaweza kuweka kikoma na baada yake asiandike "oa jino", akaandika amri ambayo mashine inaielewa: nipe kila kilichomo. Na lile neno ulilolitambua ndilo jina la ghala. Ghala ni moja tu kwa tovuti nzima. Ndani yake kuna watu elfu sita na ushee: jina, simu, ndugu wa karibu, na sababu ya kuja, kwa maneno waliyoandika wenyewe. Unajua watu wanakuja kliniki kwa nini. Kuna wanawake humo ambao waume zao hawajui. Kuna waume ambao wake zao hawajui. Orodha hiyo ikitoka nje, kuna nyumba zitavunjika na kuna watu hawatarudi kutibiwa.

Nilipekua maneno yote yaliyotafutwa mwaka mzima. Watu mia moja na arobaini wameandika "kungoa". Hakuna hata mmoja aliyeweka kikoma, kwa simu nani ana muda? Umetokea wewe, wa darasa la sita.

Nilikimbia kwa Daktari Mkuu. Watengenezaji wa plagini hiyo walishatoa kiraka cha kuziba tundu hilo miaka miwili iliyopita, na ni cha bure. Lakini fundi aliyekuwepo kabla yangu alitafsiri vitufe kwa kuandika ndani ya plagini yenyewe. Tukiweka kiraka, tafsiri yote inafutika na vitufe vinarudi kuwa Kiingereza mpaka nimalize kutafsiri upya. Daktari Mkuu anajivunia tovuti ya Kiswahili kuliko jengo lenyewe, na mwezi wa sita tuna wageni wa ukaguzi. Akaniuliza, "Kikoma tu ndicho kinachokusumbua?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi waambie watu wasiandike kikoma." Na funguo za juu za kuzima plagini anazo yeye. Mimi nina ruhusa ya kuandika habari na kubadilisha picha, basi.

Tafadhali usijaribu tena. Na usimwambie mtu yeyote huko.

Mpwa wako


Kambini, 2 Aprili

Profesa,

Salamu. Pole kwa ukimya. Barua yako ilikaa wiki tatu kwenye droo ya karani wa kambi kwa sababu ina jina langu kamili na yeye ananijua kwa jina la utani. Nimeipata nilipokwenda kulalamikia buti. Buti sijapata. Magoti ni yale yale. Hongera kwa pacha wa jirani, usizibe pua mbele ya mama yao.

Ile ya kuoa jino nimewasimulia chumbani kabla sijasoma ukurasa wa pili. Sasa jino langu linaitwa Shemeji. "Shemeji ameamkaje?" Ndiyo salamu ya asubuhi.

Sasa nikuambie ukweli, maana mimi kuficha sikuweza hata nilipokuwa naiba sukari. Ombi lako la kutomwambia mtu lilinikuta nimeshasema.

Kuna mwenzetu fundi umeme tunamwita Waya. Aliwahi kusomea kompyuta mwaka mmoja na nusu kabla hajaacha. Tarehe kumi na nne Machi mvua ilinyesha, tukakaa, nikamsimulia habari ya ng'ombe. Akanyanyuka kama mtu aliyeitwa jina lake. Akasema, "Nionyeshe." Nikamwonyesha. Akaona na lile tangazo lenu jipya jekundu: Tafadhali usitumie kikoma cha juu unapotafuta. Alicheka mpaka akashika meza ya tenisi. Na mimi sina budi kukuambia, mpwa wangu, hilo tangazo ni sawa na kubandika mlangoni karatasi kwamba komeo limekufa, tafadhali msisukume.

Waya akasema anakumbuka kidogo la kuandika baada ya kikoma. Alikosea mara tano. Mara ya sita ukurasa haukupasuka. Ulishuka. Ukashuka, ukashuka, kama kokoto zinapomwagwa kutoka kwenye lori na dereva haangalii nyuma. Majina. Namba. Sababu. Sisi wawili tuliokaa pale hatuna hata cheti kimoja kati yetu, Mpwa wangu, na tulichukua dakika kama ishirini, pamoja na muda wa kwenda kunywa maji.

Waya alikuwa wa kwanza kusema tufunge. Nataka ujue hilo, asije akaonekana mwizi. Alisema, "Hawa ni watu." Mimi ndiye niliyesema ngoja. Nilitaka kuona inakwenda hadi wapi. Hiyo ndiyo tabia yangu, nikiona shimo la msingi lazima niinamie. Nikashuka na orodha kidogo. Halafu nikafunga mwenyewe, na hatukunakili kitu.

Maswali yangu. Kwanza: mashine haiwezi kufundishwa kutofautisha kikoma cha herufi na kikoma cha kufunga sentensi? Mtoto wa darasa la pili anatofautisha. Pili: huyo aliyetengeneza kisanduku, lugha yake haina ng', au hakufikiria kwamba mtu wa ng' atakuja kutafuta kitu? Tatu: hicho kiraka kinashonwaje?

La nne si la mashine. Dada ana hali gani? Na usinijibu hajambo.

Mjomba wako


21 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Tuko salama.

Nimekasirika, na nimeandika barua hii mara mbili ili hasira ipungue. Hii ndiyo iliyopungua.

Ulichokifanya tarehe kumi na nne kimeonekana. Kampuni ambayo tovuti yetu imekaa kwenye mitambo yake ilimletea Daktari Mkuu taarifa kwamba mtu kutoka nchi uliyopo ameivuta orodha yote. Aliniita. Karatasi ilikuwa mezani, tarehe na saa. Nilijua ni nani nikiwa nimesimama pale, na sikusema. Nikisema ni mjomba wangu, nani ataamini kwamba mimi sikukupa ufunguo? Nisiposema, ninamficha mtu aliyesoma siri za wagonjwa wetu. Nilichagua kunyamaza.

Na unajua alichoamua? Ameagiza nchi yako yote ifungiwe. Kompyuta yoyote ya huko sasa haiwezi kufungua tovuti yetu. Amefurahi kabisa. Ananiambia, "Tatizo limekwisha, mwizi tumemfungia nje." Tundu liko wazi vile vile, Mjomba. Limefungiwa mtu mmoja aliyekwisha kuliona. Nikamwambia mtu wa mtaa wa pili anaweza kufanya hivyo hivyo kesho. Akasema hiyo ni kazi ya wataalamu wakubwa wa nje, wenye mitambo, hapa kwetu hakuna wa kuiweza.

Maswali yako. La kwanza: inaweza kufundishwa, ni mistari michache tu, na kiraka kinafanya hivyo hasa. Kinaiambia mashine, chochote mgeni atakachokileta, hata kikoma, ni maneno yake tu, si amri. La pili: nimekaa nikalifikiria sana hilo. Nadhani alijaribu kwa maneno yake mwenyewe, yakapita, akaenda kulala. La tatu: kinashonwa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kimoja, Mjomba. Nikiwa na funguo.

La nne. Mama hajambo.

Mpwa wako


Kambini, 11 Mei

Mpwa wangu,

Salamu, na samahani. Naiandika peke yake kwenye mstari wake ili uione. Samahani.

Huku ni wazima. Shemeji amevimba kidogo, nakula upande wa kushoto. Tumefika ghorofa ya kumi na moja, na huko juu upepo unakupora kofia kabla hujaivaa vizuri.

Nimefikiri hivi. Daktari wako haamini kwa sababu anadhani aliyeingia ni mtu mkubwa mwenye mitambo. Akimjua aliyeingia, ataamini. Kwa hiyo nimemwandikia mimi mwenyewe. Waya amekubali nimtaje. Bahasha ndogo iliyo ndani ya hii ni ya Daktari Mkuu, nimeigundisha kwa gundi ya mbao, kwa hiyo usijisumbue kuifungua kwa mvuke. Mpe mkononi. Nimemweleza kwamba hukunipa ufunguo wowote na kwamba ulinikataza. Hilo la kunyamaza sikulitaja, hilo utalisema mwenyewe ukitaka.

Ila lazima nikuambie kilichomo, kwa sababu kitarudi nyumbani kwenu. Nilijiuliza, nikiandika tu kwamba niliona orodha, atasema mzee huyu anatunga. Lazima nimpe kitu cha kwenda kulinganisha kwenye ghala lake. Nimpe mstari wa nani? Nilikumbuka mistari mitatu minne. Ya watu wengine sina haki nayo hata kidogo. Huo mmoja pia sina haki nao, lakini mwenyewe ninaweza kumwendea kuomba radhi, kwa sababu nilinyonya ziwa lile lile alilonyonya yeye.

Unaona sasa ulichokuwa unanificha na nilichokuwa nakuficha ni kitu kimoja. Tumechoshana bure.

Nakala ya barua yake naiweka hapa, usije ukawaza mabaya zaidi.

"Kwa Daktari Mkuu. Shikamoo. Mimi ni kibarua wa ujenzi, kazi yangu ni kung'oa misumari. Nimesoma mpaka darasa la sita. Tarehe 14 Machi, mimi na fundi umeme tunayeishi naye tulitoa orodha ya wagonjwa wako kwa kompyuta ya chumba cha mapumziko. Hatuna mitambo. Tulianza kwa kuandika kung'oa jino kwa tahajia sahihi. Mpwa wangu anayetunza tovuti hakutusaidia, na alinikataza kujaribu tena, ila barua yake ilinifikia nimeshafanya. Ili ujue ni kweli, tafuta mstari huu: mwanamke, miaka hamsini na mbili, simu inaishia 417. Sababu ya kuja: uvimbe titi la kushoto tangu Oktoba. Ndugu wa karibu: mdogo wangu wa kiume, yuko ngambo. Asiambiwe. Huyo asiyetakiwa kuambiwa ndiye mimi ninayekuandikia. Sikuambiwa na mtu. Niliambiwa na tovuti yako. Kama mimi nimeweza, jirani wa mgonjwa wako anaweza. Tafadhali shona kiraka, hata vitufe vikiwa vya Kiingereza. Watu watavibonyeza tu."

Ameandika ngambo bila kikoma. Ndivyo nilivyojua ameandika kwa mkono wake, hakumpa mtu amwandikie.

Mjomba wako


3 Juni

Mjomba,

Shikamoo sana. Leo naanza na habari ya kazi, salamu zitakuja na mwingine.

Nilimpa bahasha Jumatatu saa mbili asubuhi. Gundi yako ilimshinda, akaikata kwa mkasi wa upasuaji. Alisoma amesimama. Akaenda kwenye kompyuta yake, akaandika 417, akauangalia mstari, akauangalia muda mrefu. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akaandika kwenye kisanduku chetu: kung'oa jino. Mwenyewe. Ukurasa ukapasuka mbele ya macho yake.

"Darasa la sita?" akaniuliza.

"La sita, Daktari. Hakumaliza."

"Na ulijua ni yeye, siku ile nilipokuonyesha taarifa?"

Nikasema nilijua. Sikutaka kudanganya mara ya pili. Kisha akageuza kompyuta upande wangu, akaandika nywila yake kwa kidole kimoja, akaondoka kwenye kiti. "Shona," akasema.

Nilibonyeza, Mjomba. Ilichukua chini ya dakika. Vitufe vyote vikawa Kiingereza, na wagonjwa hawakulalamika hata mmoja mchana ule. Nimetafsiri upya kwa siku nne, safari hii kwenye faili la pembeni ambalo kiraka hakiligusi. Tangazo jekundu limetoka. Sasa ukiandika kung'oa, anakuja daktari wa meno. Nimepewa barua ya onyo kwa kunyamaza, na nimepewa funguo za juu. Vyote siku moja, katika bahasha moja.

Daktari Mkuu amesema kila mtu aliyekuwa kwenye orodha lazima aambiwe kwamba orodha ilionekana, ilionwa na nani, na kwamba haikunakiliwa. Wanaitwa mmoja mmoja, faragha. Baadhi wamelia, mmoja alimtupia karani faili. Tulianza na 417.

Nilimsindikiza. Alisikiliza yote, akaomba barua yako aisome mwenyewe. Mimi nilikuwa nimemwahidi tangu Desemba, Mjomba, kwamba sitakuambia, ndiyo maana ulipouliza niliandika hajambo. Amechukua kalamu sasa hivi. Nampisha.

*

Mdogo wangu. Mwanangu anasema niandike polepole maana mwandiko wangu unakimbia. Nimesoma kwamba ulinificha na mimi nilikuficha. Niliogopa ungetupa nyundo ukapanda gari, na sikutaka kukuona unaniangalia kama mtu anayeangalia nyumba iliyopasuka. Kwa hiyo niliandika asiambiwe. Haikuwa kwa ubaya.

Lakini nina neno na wewe. Uliuliza kompyuta ikakujibu. Ukamuuliza huyu mtoto kwa barua, ukamtesa. Jumapili zote umenipigia ukaniuliza mashuka, pacha wa jirani, bei ya mkaa. Mimi hukuniuliza.


Kambini, 24 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua hii ni yako, Profesa asiisome. Kama unasoma kwa sauti, acha, soma kimya.

Mimi ni mzima. Nimeomba ruhusa ya wiki sita, wakubwa wanaifikiria. Nitakuja usipotaka na nitakuja ukitaka, lakini nikikukuta unafua utaendelea kufua, unapika utaendelea kupika, sitakuangalia kwa jicho lolote jipya.

Mwandiko wako haukimbii. Nimeusoma mara moja tu nikauelewa wote, na una haki. Nilikuwa naogopa kuuliza kwa sababu jibu nilikuwa nalo, na mtu mwenye jibu la wizi mkononi hajui aanzie wapi. Nimelitupa. Sasa nauliza kama mtu asiyejua kitu, na unijibu unavyotaka wewe, urefu unaotaka wewe, kuanzia unapotaka.

Dada yangu, unaumwa nini?

Mdogo wako